Gari la kulala likigeuka tanuri: soma haya kabla ya kununua kiyoyozi cha paani

Likizo ya Disemba haikawii, na kama ilivyo ada, wengi wenu mtafunga virago kuelekea pwani, Tsavo, Magadi ama hata Turkana. Wapo watakaolala kwa shangazi, na wapo watakaolala hotelini. Lakini kuna kundi la tatu ambalo linazidi kuongezeka humu nchini, nalo ni la watu wanaolala katika gari lao wenyewe.

Hawa hununua Nissan iliyochoka kubeba abiria, au lori dogo, wakampelekea fundi wa jua kali. Fundi hung'oa viti, akatia kitanda, kabati, mtungi wa gesi na tangi la maji, na gari likawa nyumba. Wazo ni zuri. Hulipi chumba, watoto wanaiona nchi yao, na ukichoka unaegesha.

Matata huanza usiku wa kwanza katika nchi ya joto. Bati limeota jua mchana kutwa, na sasa linawarudishia joto hilo nyinyi mliolala chini yake. Mtoto mchanga analia, nyanya anahema, mama anapepea kwa gazeti hadi mkono unakufa ganzi. Kukipambazuka baba anaapa kwamba lazima anunue kiyoyozi cha kuweka paani, kama vile vya magari ya kulala ya Wamarekani.

Leo nataka tuketi na baba huyo kabla hajatoa pesa. Kiyoyozi si kitu kibaya, ila ni dawa ya mwisho ambayo watu wengi huinywa kwanza.

Kiyoyozi cha paani hudai nini?

Huko Marekani magari ya namna hii hukatwa tundu la mraba paani, kila upande inchi 14 hivi, na kiyoyozi kikakalishwa juu yake. Vilivyo vya kawaida huwa na nguvu ya BTU 13,500 au 15,000, na uzito wake ni kati ya kilo 35 na 45. Uzito huo wote umo juu ya kichwa cha gari, mahali pabaya kabisa ukiwa kwenye kona za barabara ya vumbi. Gari pia huwa refu zaidi, na matawi ya miti na vizingiti vya malango havina simile.

Lakini hoja kubwa ni umeme. Tupige hesabu kwa uniti, zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Kiyoyozi kama hicho hutumia wati 1,500 hivi kinapofanya kazi. Ukilala saa nane, na tuseme kinafanya kazi nusu ya muda huo tu, utakuwa umekula uniti 6.

Sasa tazama akiba yako. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa hubeba uniti moja na kidogo. Ikiwa ni ya asidi, haifai kuishusha chini ya nusu, la sivyo itakufa upesi. Kwa hivyo una uniti 0.6 za kutumia. Uniti 6 zinataka betri kumi za namna hiyo, nazo lazima zijazwe kesho yake. Paneli ya sola ya wati 200, hata chini ya jua letu la ikweta, hukupa kama uniti moja kwa siku nzuri. Feni ya volti 12 yenye wati 20, kwa upande mwingine, ikizunguka saa kumi hutumia uniti 0.2 pekee.

Mmarekani hasumbuliwi na hesabu hii kwa sababu aghalabu huegesha katika kambi yenye soketi ya umeme kando ya kila gari. Kambi zetu nyingi, hasa za mbugani, hazina kitu hicho. Ndipo watu huingiwa na wazo la kununua jenereta, au la kuacha injini ikinguruma usiku kucha ili kiyoyozi cha gari kiendelee kufanya kazi.

Hapo, msomaji, nakusihi usimame. Moshi wa injini na wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Upepo ukigeuka, au bomba la moshi likiwa na ufa, hewa hiyo huingia ndani polepole. Jiko la makaa huleta balaa lile lile. Hakuna joto la Mombasa linalostahili kuzimwa kwa njia hiyo.

Kwanza, lizuie mlangoni

Joto ni kama mgeni asiyealikwa. Kumzuia mlangoni ni rahisi kuliko kumtoa akishaketi. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba gari lililofungwa juani hupata joto ndani kwa wastani wa nyuzi 22 za sentigredi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha upenyo mdogo hakukusaidia sana. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kulikinga jua lisiguse gari, au likigusa lisipite.

Hapa ikweta, jua la adhuhuri hulipiga paa kuliko upande wowote mwingine. Basi anza na paa. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miali ya jua, ilhali nyeusi huinywa. Kama gari lako ni la rangi nzito, kulipaka paa peke yake rangi nyeupe ni kazi ya siku moja.

Baada ya rangi, tafuta paa la pili. Baadhi ya Land Rover za zamani zilizotengenezewa nchi za joto zilikuwa na bati la ziada juu ya paa, na kati ya mabati hayo mawili palikuwa na nafasi ya upepo kupita. Bati la juu hupata moto, upepo huuchukua, na la chini hubaki katika kivuli. Unaweza kupata faida hiyo kwa kutandaza turubai juu ya keria, mradi lisilale juu ya bati. Acha nafasi ya kiganja au zaidi. Paneli za sola zilizoinuliwa kidogo hufanya kazi hiyo hiyo huku zikikuletea umeme.

Ndani, mwambie fundi atie kitu cha kuzuia joto kati ya bati na mbao kabla hajafunika kuta. Maboksi ya samaki ya plastiki nyeupe nyepesi yanakufunza jambo hilo. Barafu hukaa humo kutwa kwa sababu joto haliwezi kupenya. Tafuta mabamba ya namna hiyo, yawe mazito paani kuliko ubavuni.

Usisahau vioo. Kioo cha mbele ni dirisha kubwa kuliko yote, na pazia la ndani huja likiwa limechelewa kwa kuwa miali imekwisha kuingia. Kinga inayowekwa nje hufaa zaidi. Kipande cha turubai jeupe au kinga inayong'aa, kilichofungwa kwenye vioo vya pembeni, kinatosha.

Elekeza gari kama nahodha

Watu wa pwani hawakuhitaji waya wa umeme ili kujua upepo unakotoka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Wajenzi wa nyumba za kale za Lamu waliweka kuta nene za matumbawe na chokaa na wakabana vichochoro ili vipate kivuli. Mwenye gari ana bahati moja ambayo wajenzi hao hawakuwa nayo, kwamba nyumba yake hugeuka.

Jua huchomoza mashariki na kutua magharibi, na ubavu mrefu wa gari ndio wenye bati jingi. Kwa hivyo usiuelekeze huko. Legeza gari likae mashariki na magharibi kwa urefu wake, jua la alasiri lipige nyuma tu.

Magari yetu mengi ya aina ya Nissan yana mlango wa kuburuta upande wa kushoto. Ukiegesha Disemba pua ikitazama mashariki, mlango huo utakuwa umeelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi utaingia bila kubisha hodi. Ukija Agosti, geuza pua itazame magharibi, mlango uelekee kusini upokee kusi, na hapo ufunike vizuri kioo cha mbele kwa sababu ya jua la jioni. Marekebisho haya hayagharimu hata senti moja.

Kivuli cha mti ni neema, ila chagua mti kwa busara. Usilale chini ya mnazi wenye nazi, wala chini ya tawi lililokauka.

Hewa iingie, na iwe na pa kutokea

Kosa la kawaida ni kufungua dirisha moja na kungoja upepo. Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Unahitaji matundu mawili, moja la chini upande wenye kivuli au upepo, na jingine la juu, kwa kuwa hewa moto hupanda.

Lile tundu la inchi 14 paani, badala ya kulikalisha kiyoyozi, likalishe feni ya volti 12 inayosukuma hewa nje. Fungua dirisha dogo karibu na kichwa cha kitanda, funga mengine, halafu washa feni. Utahisi hewa ya nje ikipita juu ya mwili wako. Ukifungua madirisha yote kwa pamoja wakati hakuna upepo, feni itavuta hewa ya karibu nayo tu, nanyi kitandani hamtapata kitu.

Jua likitua, usingoje wakati wa kulala. Fungua milango yote, toa hewa iliyokaa ndani kutwa, na pika nje. Jiko la gesi huongeza joto na unyevu pia. Kumbuka kwamba hata nyinyi wenyewe ni majiko. Mtu aliyelala hutoa joto linalokaribia la balbu ya wati 75, kwa hivyo jamaa ya watu wanne ni kama balbu nne zilizowashwa usiku kucha ndani ya sanduku la bati.

Kuna pingamizi mbili hapa. Ya kwanza ni mbu. Malaria bado ipo pwani na Magharibi, kwa hivyo usifungue madirisha bila neti. Lakini neti yenye matundu madogo mno, ikibandikwa kwenye kidirisha kidogo, huzuia upepo pamoja na mbu. Ni heri madirisha yawe makubwa yenye wavu, na kitanda kiwe na neti yake yenye dawa. Ya pili ni usalama. Fundi akutilie vyuma dirishani, na ulale penye kambi yenye mlinzi badala ya kando ya barabara kuu. Mbugani usiache mlango wazi hata kidogo, maana simba na nyani hawana habari kwamba mnatafuta upepo.

Tazama na kitanda chako. Godoro nene la sponji hukumbatia joto la mwili likalirudisha. Wazee wa pwani walilala juu ya kitanda cha kamba, hewa ikapita chini na juu. Mbao zenye nafasi kati yake, godoro jembamba, mkeka na shuka la pamba ni dawa ya bei nafuu.

Mtungi ulitufundisha, lakini si kila mahali

Bila shaka umewahi kunywa maji ya mtungi wa udongo. Hupoa bila friji kwa sababu mtungi huvuja jasho, jasho hilo hukauka, nalo likikauka huondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka yote huchukua joto linalolingana na uniti 0.67 za umeme. Hiyo si nguvu ya mzaha.

Miaka ya 1940 na 1950, Wamarekani waliovuka majangwa ya kusini-magharibi mwa nchi yao walining'iniza dirishani chombo kama mzinga wa nyuki. Ndani yake kulikuwa na maji na pedi, na mwendo wa gari ulipitisha hewa katika pedi hizo zilizolowa, ikaingia ndani ikiwa imepoa. Leo kuna mashine ndogo za volti 12 zinazofanya kazi hiyo kwa kutumia feni, na kuna wanaojitengenezea kwa ndoo, pedi na pampu ndogo. Hata leso iliyolowa ikitundikwa mbele ya dirisha lenye upepo hufanya kazi.

Hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Ujanja huu unategemea ukavu wa hewa. Ukiwa Lodwar au Magadi wakati wa kiangazi, tuseme joto ni nyuzi 38 na unyevu wa hewa ni asilimia 20, mashine nzuri inaweza kukupa upepo wa nyuzi 26 hivi. Huo ni upepo wa kulala. Lakini ukiwa Mombasa, joto nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, mashine ile ile itakupa nyuzi 28 au 29 huku ikiijaza gari mvuke. Baada ya saa moja nguo zinalowa, godoro linanuka, na jasho la mwili wako nalo haliwezi kukauka. Yaani umeununua mtungi ukauweka mvuani.

Kwa hivyo kanuni ni fupi. Penye ukavu tumia maji, na madirisha yabaki wazi kidogo ili unyevu utoke. Penye unyevu tumia upepo, maji yaishie bafuni. Kuoga kabla ya kulala na kujilaza mwili ukiwa na majimaji mbele ya feni husaidia kote kuwili.

Na barafu? Wapo wanaojaza boksi barafu, wakaweka feni juu yake, wakaliita kiyoyozi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka huchukua joto la chini ya uniti 0.1. Ili ulingane na kiyoyozi cha BTU 13,500 ungehitaji zaidi ya kilo 40 za barafu kila saa. Barafu hiyo ni afadhali ipooze maziwa ya mtoto na maji ya kunywa.

Kiyoyozi cha bure kiko mlimani

Nimelibakiza hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Gari lina magurudumu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Hakuna mashine ya paani yenye uaminifu kama huo.

Chukua msafiri wa kwenda Mombasa. Voi iko karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari. Ukikata kona kuelekea milima ya Taita hadi Wundanyi, utakuwa umepanda hadi kama mita 1,400, na mtaomba blanketi badala ya feni. Anayekwenda Turkana kupitia Marsabit ataukuta mji huo katika zaidi ya mita 1,300, wenye ubaridi, kabla hajateremka kwenye jangwa la Chalbi. Anayepitia Maralal atalala juu zaidi. Pangeni safari ili mchana mkatazame nchi ya joto, na usiku mkalale juu inapowezekana.

Isipowezekana, tafuteni upepo. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna joto kali, lakini kuna upepo usiochoka. Ni upepo huo huo uliofanya mitambo 365 ya kuzalisha umeme isimikwe katika sehemu hizo, mradi uliozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Huko shida yako itakuwa kufunga turubai lisipeperuke.

Mahema ya juu ya gari nayo yafikiriwe. Kitambaa hupoa upesi jua likitua, ilhali bati lililofungwa hushikilia joto hadi usiku. Aliyelala juu hupata upepo ambao wa chini haupati.

Wanaostahili kiyoyozi

Baada ya kusema hayo, sitakudanganya kwamba feni hutosha kila mtu. Usiku wa Machi mjini Mombasa joto huzunguka nyuzi 24 au 25, na unyevu wake ni wa kubana pumzi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba feni isitegemewe joto likifika nyuzi 40, kwa sababu hapo itakuwa inakupulizia moto. Mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo hawana nguvu ya kuvumilia kama kijana wa miaka ishirini.

Kama unasafiri na mtu wa namna hiyo, una njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha safari. Nendeni pwani Julai au Agosti, wakati wa kusi, ambapo hali ni nafuu. Ya pili ni kulala katika chumba chenye umeme kwa zile siku mbili za joto kali, gari libaki la kutembelea. Gharama ya usiku mbili za nyumba ya wageni si kitu ukilinganisha na ya mashine, betri kumi na jenereta.

Ya tatu ni kutia kiyoyozi, lakini kidogo. Gari ambalo limepakwa rangi nyeupe, likawekewa turubai na kuzuiwa joto kutani halihitaji BTU 13,500. Kile cha dirishani cha BTU 5,000 hutumia kama wati 500, theluthi moja ya kile cha paani, na penye soketi ya umeme hutosha kupoza sehemu ya kulala. Ning'iniza pazia zito kati ya kitanda na viti vya mbele, upoze nusu ya gari. Zipo pia mashine za volti 12 na 24 zilizobuniwa kwa ajili ya madereva wa malori wanaolala kwenye kichwa cha gari. Hizo hutumia wati mia kadhaa, kwa hivyo zinataka betri za maana, ila hazitaki jenereta. Jihadhari na zile za magurudumu zenye bomba moja. Hutupa nje hewa uliyokwisha kuipoza, na hewa moto ikaingia kwenye nyufa kuchukua nafasi yake.

Usimwache mtoto ndani

Mwisho, jambo ambalo halina mjadala. Usimwache mtoto, wala mzee asiyejiweza, ndani ya gari lililofungwa, hata ukienda kununua mkate tu. Umeiona hesabu ya joto la nusu saa. Mtoto hupata joto mwilini upesi kuliko mtu mzima.

Mkiwa safarini, angalieni dalili. Mtu akilalamika kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukakamaa misuli, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, umpe maji anywe polepole. Akianza kuropoka, kuchanganyikiwa au kuzirai huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni, muweke vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza. Aliyezirai asinyweshwe kitu.

Basi, baba wa watu, kabla hujamwita fundi akate paa, fanya majaribio ya usiku mmoja. Funika kioo cha mbele kwa nje, tandaza turubai juu ya keria, geuza gari kulingana na upepo, fungua matundu mawili, weka feni ya wati 20, halafu mlale. Mkiamka mkiwa mmepumzika, pesa za kiyoyozi zitawapeleka Lamu mwaka ujao. Mkiamka mmelowa jasho, utajua unachonunua na kwa nini unakinunua.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kuhifadhi nyama na maziwa safarini bila friji. Hadi hapo, safari njema.